Norwei: Sheria ya Maporomoko Iliyoyatangulia Mafuta

Anayeusimulia uchumi wa Norwei kwa kuanza na mafuta anaruka sehemu kubwa ya historia. Kanuni iliyokuja kuyalinda mafuta hayo ilitungwa miaka mingi kabla ya kisima cha kwanza, na ilitungwa kwa ajili ya maji.

Samaki alitangulia vyote. Kila majira ya baridi skrei, samaki mkubwa wa bahari ya kaskazini, huja kutaga mayai karibu na visiwa vya Lofoten. Wavuvi humtundika kwenye vichanja vya miti bila chumvi, upepo ukamkausha hadi akawa mgumu kama ubao. Biashara yake ilipitia Bergen, ambako wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa Hansa waliweka kituo yapata mwaka 1360, wakaishika kwa karne kadhaa. Mbao nazo ziliuzwa ng'ambo, kisha zikaja meli: Uingereza ilipofuta mwaka 1849 sheria zilizozibana meli za kigeni, Wanorwei walijitosa kubeba shehena za mataifa mengine, na kabla ya karne kwisha walikuwa miongoni mwa wenye meli nyingi zaidi duniani.

Kisa chenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni cha maporomoko ya maji. Mwaka 1905, mwaka uleule Norwei ilipojitenga na Sweden, mhandisi Sam Eyde alianzisha kampuni ya Norsk Hydro. Yeye na mwanafizikia Kristian Birkeland walikuwa wamegundua njia ya kuinasa naitrojeni ya hewani kwa cheche kali za umeme na kuifanya mbolea. Kazi hiyo ilikula umeme mwingi mno, ndiyo maana viwanda vilifuata maji huko Notodden na Rjukan. Mkulima wa Mbeya anayefungua mfuko wa mbolea ya Yara anagusa historia hiyo, kwani Yara ilitengwa kutoka Norsk Hydro mwaka 2004.

Mtaji mwingi ulitoka nje, na taifa changa likaona maporomoko yake yakinunuliwa moja baada ya jingine. Bunge lilitunga sheria za haraka mwaka 1906, kisha mwaka 1909, kwa msukumo wa waziri wa sheria Johan Castberg, likaweka sharti zito: mwenye kibali atatumia maporomoko kwa muda maalumu, na muda ukiisha, maporomoko na mitambo vitarudi kwa dola bila fidia. Wenye mali walikwenda mahakamani. Mwaka 1918 Mahakama ya Juu iliipa dola ushindi. Leo umeme wa Norwei kwa sehemu kubwa unatokana na maji, na ndio unaoyeyusha alumini yake.

Haki ya umma juu ya maji haikuwafikia wote. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walipopinga bwawa la mto Alta, kati ya mwaka 1979 na 1981, polisi waliwaondoa kwa nguvu na bwawa likajengwa. Hata hivyo mapambano yao ndiyo yaliyofungua njia ya Bunge la Wasami, lililozinduliwa mwaka 1989.

Kanuni ileile ya maporomoko ikahamia kwenye mafuta: mwaka 1963 Norwei ilitangaza kuwa sakafu ya bahari mbele ya pwani yake ni mali ya dola. Eneo la mafuta la Ekofisk liligunduliwa mwaka 1969. Farouk Al-Kasim, mjiolojia kutoka Basra, Iraki, alikuwa miongoni mwa waliosanifu utaratibu wa kuyasimamia mafuta. Kampuni ya taifa, Statoil, iliundwa mwaka 1972. Ndiyo iliyogundua gesi ya Zafarani katika bahari ya kusini mwa Tanzania mwaka 2012. Faida ya mafuta hutozwa asilimia 78, na fedha zinazoingia serikalini huwekwa katika mfuko ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1990, ambao sasa una zaidi ya dola trilioni moja kwa nchi yenye watu wapatao milioni 5.5.

Samaki naye amerudi kwa sura mpya. Ufugaji wa samoni katika vizimba vya baharini, ulioshika kasi tangu ndugu wa Grøntvedt walipoujaribu kisiwani Hitra mwaka 1970, sasa hutoa zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Wafugaji walipotajirika kwa maji ya pwani ambayo ni ya umma, Bunge liliwawekea mwaka 2023 kodi ya ziada ya asilimia 25.