Kufundisha bila kuonana: redio ilishatoa somo kwa walimu wa simu

Kisangani, Tshopo – Tarehe 19 mwezi wa tatu 2020, shule zote za Kongo zilifungwa kwa sababu ya Korona. Toka Kisangani hadi Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, watoto walibaki nyumbani. Wa madarasa ya mwisho walirudi kwanza, tarehe 10 mwezi wa nane, ili wajitayarishe kwa TENAFEP na mtihani wa Serikali. Wengine walingoja hadi tarehe 12 mwezi wa kumi.

Miezi ile, masomo ya mbali yalionekana kama jambo jipya. Kumbe ni ya zamani, na mwalimu anayefundisha leo kwa simu anaweza kujifunza mengi kwa waliotangulia.

Mwaka 1974, nchini Nicaragua, watafiti wa chuo kikuu cha Stanford cha Marekani walianza mradi wa kufundisha hesabu kwa redio katika shule za msingi. Redio za masomo zilikuwepo tayari, lakini mara nyingi mwalimu alisema peke yake na watoto walisikiliza tu. Hawa walibadilisha jambo moja: sauti ya redio iliuliza swali, halafu ikanyamaza kidogo. Watoto walijibu wote kwa sauti, kisha redio ikatoa jibu la kweli. Kila aliyekosea alijua palepale. Kwenye mitihani, watoto hao waliwapita wale ambao hawakusoma kwa redio.

Kenya ilifuata kati ya 1980 na 1985, kwa somo la Kiingereza la nusu saa kila siku, kwa madarasa matatu ya kwanza. Miaka ya 2000, Zanzibar iliwafikia watoto wadogo wa vijiji visivyo na shule ya chekechea. Walikusanyika mbele ya redio, na mtu mzima wa kijiji alikaa nao, akiwaongoza kuimba, kucheza na kujibu.

Kongo pia ilipita njia hiyo. Kati ya 2009 na 2014, mradi PAQUED, uliolipiwa na Marekani, ulipeleka masomo ya namna hiyo katika shule za majimbo ya Équateur, Bandundu na Orientale. Wakati ule Kisangani na Basoko zilikuwa ndani ya Orientale. Redio haikuchukua kazi ya mwalimu. Yeye alisimama mbele ya darasa, akisaidia watoto kufuata, na yeye mwenyewe akajifunza namna mpya ya kufundisha.

Korona ilipofika, Redio Okapi, wizara ya elimu na UNICEF walirusha masomo hewani. Hapo tofauti ilionekana. Mtoto alisikiliza nyumbani, bila mwalimu wala wenzake. Kama mzazi yuko shambani ao sokoni, nani atajua kama amejibu? Na kama betri imekwisha, somo la siku limepotea.

Historia hiyo inaonyesha mambo matatu kwa mwalimu anayetuma masomo kwa simu. Somo liwe fupi. Kila baada ya maelezo kidogo, swali liulizwe na nafasi ya kujibu iachwe, hata katika ujumbe wa sauti. Na mtu mmoja, kaka, dada ao jirani, aombwe kukaa pembeni ya watoto wanaosikiliza.

Kwa familia zilizohama, jambo hili ni zito zaidi. Tangu mwezi wa pili 2023, ugomvi kati ya Wambole na Walengola umefukuza watu wengi vijijini mwao, na wengi walikimbilia Kisangani. Kwao simu moja inatumikia nyumba nzima, na pesa ya mega inashindana na pesa ya chakula. Somo la video refu haliwafikii. Lakini ujumbe mfupi wa sauti unaweza kusikilizwa na watoto kumi kwa simu moja, wakijibu pamoja.

Mtoto asiyeulizwa anaacha kusikiliza polepole, na mwalimu aliye mbali hataona siku aliyoondoka. Ndiyo maana walimu wa redio waliuliza, wakangoja jibu, tena na tena.