Steringi Hafi: Picha la Kijasusi la 1977 na Njaa Iliyofichwa Nyuma ya Bendera

Picha linaanza, nyambizi ya Waingereza yenye makombora ya nyuklia inatoweka baharini. Moscow nako simu zinalia, ya kwao pia haionekani. Wakubwa wa London wanauliza, 007 yuko wapi? Jamaa yuko Austria milimani, kwenye kibanda cha mbao, na mrembo. Saa yake ya mkononi inatema ujumbe, anavaa vifaa vya kuteleza kwenye theluji, huyo anaondoka. Warusi wanamfukuza, anampiga mmoja risasi, mbele jabali limekatika na hakuna njia. Anaruka. Muziki unakata, kimya kabisa, mtu anaanguka tu. Halafu mwavuli unafunguka, na mwavuli wenyewe ni bendera ya Uingereza.

Hiyo ni The Spy Who Loved Me, Bond ya kumi, ya tatu kwa Roger Moore, iliyotoka mwaka 1977. Kuna watu watakwambia hii ndiyo kali kuliko zote za Moore. Wengine watakwambia ni marudio matupu. Mimi nasema wote wako sahihi, na nitakueleza kwa nini.

Tuanze na marudio

Mtunzi wa vitabu vya Bond, Ian Fleming, alikuwa na kitabu chenye jina hili hili cha mwaka 1962, lakini aliruhusu jina tu litumike, hadithi yenyewe hapana. Kwa hiyo waandishi wa filamu walitakiwa watunge kitu kipya. Wakafanya nini? Walirudi kabatini.

Muongozaji alikuwa Lewis Gilbert, aliyeongoza You Only Live Twice mwaka 1967. Kwenye ile ya 1967, chombo kikubwa cha angani kinameza vyombo vya Marekani na Urusi ili mataifa hayo yapigane. Kwenye hii ya 1977, meli kubwa ya mafuta inameza nyambizi ili mataifa hayo yapigane. Umeona? Wametoa anga, wameweka bahari. Ngumi za ndani ya treni nazo tulishaziona mwaka 1963 kwenye From Russia with Love. Tajiri mwenye wazimu anayetaka kuiangamiza dunia, bosi anayegomba, mzee wa vifaa anayelalamika kwamba vitu vyake vinaharibiwa, gari la maajabu, mrembo wa mwisho: vyote unavijua kabla hujakaa kwenye kiti. Na zaidi ya yote unajua sheria kuu tuliyoimba sote kwenye vibanda umiza: steringi hafi.

Sasa kama yote yanajulikana, utamu unatoka wapi?

Utamu wenyewe

Unatoka kwenye kazi. Lile ruko la mwanzo halikuwa ujanja wa kamera. Mtu anayeitwa Rick Sylvester aliruka kweli kutoka mlima Asgard, kaskazini mwa Canada, mwaka 1976. Ukitazama vizuri utaona ubao mmoja wa kutelezea unaugusa mwavuli wakati unafunguka. Ungenasa pale, mazungumzo yangekuwa mengine. Steringi hafi, lakini yule aliyeruka badala yake angeweza kufa.

Halafu kuna meli. Mbunifu Ken Adam alitaka ndani ya ile meli zionekane nyambizi tatu zimeegeshwa, na hapakuwa na studio ya kuzitosha. Basi wakajenga jengo jipya pale Pinewood, Uingereza, likaitwa 007 Stage. Lilifunguliwa Desemba 1976 na Harold Wilson, waziri mkuu aliyekuwa ameng'atuka mwaka huo huo. Filamu nzima iligharimu kama dola milioni 14, mara mbili ya ile iliyotangulia.

Na kuna Jaws, pande la mtu lenye meno ya chuma, alilocheza Richard Kiel. Analichana gari kwa mikono kule Karnak, anatupwa nje ya treni, anaangukiwa na mawe, kila mara anasimama, anajipangusa koti, anaondoka zake. Mwisho anatumbukia kwenye bwawa la papa. Unafikiri papa anamng'ata? Yeye ndiye anamng'ata papa! Hapo ndipo sheria ya steringi hafi inapogeuzwa utani, maana safari hii hata mbaya hafi. Ile Lotus nyeupe nayo inaingia baharini, inakuwa nyambizi, inatungua helikopta, kisha inatoka ufukweni katikati ya watu waliojilaza juani. Bond anashusha kioo na kutupa nje samaki mdogo. Hakuna anayeeleza chochote.

Wanaorudia hadithi ni wengi. Wanaoirudia kwa jasho la namna hii ni wachache.

Njaa nyuma ya bendera

Lakini filamu hii ilikuwa pia na sababu ya kuogopa. Bond zilikuwa zikitengenezwa na wabia wawili, Albert Broccoli na Harry Saltzman. Mwaka 1975 Saltzman aliuza hisa zake, na filamu iliyotangulia ilikuwa imeingiza pesa kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Broccoli alibaki peke yake, na hii ndiyo ilikuwa karata yake. Mtu wa hali hiyo hajaribu mapishi mapya. Anapika pilau ile ile, anaongeza nyama.

Nchi yenyewe ilikuwa kwenye hali hiyo hiyo. Mwaka 1976, wakati kamera zinazunguka, serikali ya Uingereza ilikwenda IMF kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9. Ndiyo, hao hao. Sisi tumezoea kusikia IMF inatajwa kwa nchi zetu, lakini mwaka ule aliyepeleka bakuli alikuwa London. Mwaka uliofuata, kwenye majumba ya sinema, bendera ya nchi hiyo ikafunguka angani na kumuokoa mtu wao.

Na angalia walikompeleka Bond: Misri. Mwaka 1956 Nasser aliutaifisha mfereji wa Suez. Uingereza, Ufaransa na Israeli wakavamia, Marekani ikawabana, wakaondoka kwa aibu. Waziri mkuu wa wakati ule, Anthony Eden, akaanza kuugua na kwenda kupumzika Jamaica. Nyumba aliyofikia iliitwa Goldeneye. Mwenye nyumba? Ian Fleming, yule yule mtunzi wa Bond.

Miaka 21 baada ya Suez, kwenye filamu hii, idara ya ujasusi ya Uingereza ina ofisi ndani ya hekalu la Abu Simbel. Katibu muhtasi yupo, karakana ya silaha ipo, na Mmisri hata mmoja hawaulizi kibali. Walichokipoteza kwa majeshi, wakakirudisha kwa mkanda. Ndiyo maana nasema mapishi haya hayakuwa ya burudani tu, yalikuwa dawa ya maumivu.

Hukumu

Kosa langu kubwa kwa filamu hii liko kwa Anya, jasusi wa Kirusi anayefanya kazi na Bond. Yule aliyepigwa risasi kwenye theluji mwanzoni alikuwa mpenzi wake. Anapogundua, anamwambia Bond wazi: kazi ikiisha, nitakuua. Bond naye hakatai, anasema kwenye kazi hii watu huuana. Ni dakika chache, lakini pale unasahau meno ya chuma na gari la majini, unaona mwanamke mwenye msiba. Halafu mwishoni anamnyooshea bastola, kizibo cha shampeni kinaruka, wanacheka, wanakumbatiana. Basi. Msiba wa mtu umeisha kwa kizibo.

Huo ndio ugonjwa wa mapishi haya. Yanaweza kumeza nyambizi tatu, lakini machozi ya mtu mmoja yanawashinda, kwa sababu machozi hayarudi sawa kama mwanzo, na mapishi yameahidi kwamba kila kitu kitarudi sawa.

Kwenye pesa Broccoli alishinda. Iliingiza kama dola milioni 185, na Bond ikaendelea kuishi. Mwaka 1979 Gilbert akarudia tena mchezo ule ule kwenye Moonraker, mara hii angani, na Jaws ndani. Ilichukua hadi 2021, kwenye No Time to Die, ndipo Bond akafa kweli, na kuna watu mpaka leo hawajasamehe.

Mimi naipa saba kwa kumi. Itazame, cheka, shangilia lile ruko, maana mtu aliweka roho yake pale. Ila mwavuli unapofunguka, kumbuka ni nani alikuwa anaanguka kweli mwaka ule.