Mbegu ya Muthetheni: Miaka 20 ya Kamusi Elezo na Madarasa Yetu

Tarehe 8 Machi 2023, siku ambayo magazeti yetu kwa haki kabisa yaliwatukuza wanawake wa ulimwengu, ilitimia pia miaka 20 tangu ilipofunguliwa Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila apendaye anaruhusiwa kuiandika na kuisahihisha. Na kwa kuwa sikusikia hotuba wala kuona sherehe mahali popote, nilipanda matatu hadi Masii, na kutoka hapo nikaendelea hadi Muthetheni, katika eneo bunge la Mwala, Kaunti ya Machakos, nikiwa na azma ya kuitazama historia hiyo mahali ambapo taathira yake ilipasa kuonekana, yaani katika darasa la shule ya kijijini.

Sikuichagua Muthetheni kwa bahati nasibu. Ukiitafuta katika kamusi hiyo, utaambiwa kwa maneno machache mno kwamba ni kata ya Machakos nchini Kenya, na chini ya maneno hayo utaona tangazo dogo, ambalo wahariri wenyewe huliita mbegu, likikuarifu kwamba makala ingali changa na kukualika uiongezee habari. Mwenyeji wangu, mwalimu wa Kiswahili aliyeniomba nisimtaje jina, na ambaye sehemu kubwa ya niyaandikayo hapa nimeyapata kwake, aliniambia kwamba kwa miaka mingi aliupita mwaliko ule kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya arusi asiyoalikwa, akidhani umeandikiwa watu wengine, wenye shahada zaidi na wasaa zaidi.

Mwanzo wa mambo haya unajulikana, nami sitaurefusha. Tovuti ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1991 na Mwingereza Tim Berners-Lee katika maabara ya CERN karibu na Geneva. Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham akatunga tovuti ambayo wasomaji wake waliweza kuiandika upya, akaiita wiki, neno la watu wa Hawaii lenye maana ya upesi. Shajara za mtandaoni zikapata jina la blogu mwishoni mwa muongo huohuo. Na tarehe 15 Januari 2001 ikazaliwa Wikipedia ya Kiingereza. Hapa Kenya huduma ya intaneti ya kibiashara ilianza mwaka 1995, ila ilikuwa ya watu wa mjini, na ya wenye uwezo miongoni mwao.

Kwa upande wa lugha yetu, jina lisilopasa kusahauliwa ni la Ndesanjo Macha, mwandishi na mwanasheria wa Tanzania, ambaye mwaka 2004 alianzisha Jikomboe, blogu inayohesabiwa kuwa miongoni mwa zile za awali kabisa katika Kiswahili, na ambaye alikuwa mmoja wa watu waliosimamisha Wikipedia ya Kiswahili ilipokuwa haina wa kuitazama. Mwaka huohuo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Ndizo siku zilizokuwa na mjadala mkali baina ya walioshika neno kompyuta na walioshika tarakilishi, na hata leo mtoto wa Machakos husoma tarakilishi kitabuni, akitoka nje ya darasa akasema kompyuta. Mjadala ule ulikuwa na faida yake, lakini nakiri kwamba laiti nusu ya jitihada iliyotumika katika kuvipa vitu majina ingetumika katika kuandika makala, huenda leo ukurasa wa Muthetheni ungekuwa na kitu cha kusomwa.

Walimu, kwa jumla, waliipokea kamusi hii kwa hadhari. Mwaka 2007 idara ya historia ya chuo cha Middlebury kule Marekani ilitoa amri kwamba wanafunzi wasiitaje Wikipedia kuwa ushahidi katika insha zao, na habari hiyo ikaenea dunia nzima. Mwenyeji wangu ana rai kwamba kwetu ilifika nusu yake tu: kule wanafunzi walikatazwa kuitegemea kuwa hoja, hawakukatazwa kuisoma; huku ikageuka kuwa onyo la kutoiamini kabisa, na mwalimu aliyemkamata mwanafunzi akiisoma alimtendea kama aliyemkamata akinakili mtihani.

Sasa nifike kwenye kisa alichokisimulia kwa muda mrefu kuliko vyote, akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao nje ya ofisi ya walimu, na marundo ya madaftari miguuni pake.

Katikati ya mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa, ule wa TEAMS na ule wa SEACOM, na mtandao uliokuwa ukipitia setilaiti kwa gharama kubwa na mwendo wa kinyonga ukaanza kwenda kasi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, lililowalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na zawadi za washindi zikiwemo tarakilishi za kupakata. Mwenyeji wangu wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo, hana tarakilishi, na alikuwa akienda saiba, yaani duka la intaneti, iliyotoza shilingi moja kwa dakika, ameshika karatasi aliyoandika rasimu usiku kwa kalamu ili dakika zake zisiliwe na kufikiri.

Makala yake ya kwanza ilihusu mukau, mti wa nchi kavu ambao Wakamba wanaujua kwa mbao zake zisizoliwa na mchwa. Alianza kwa kusema kwamba mukau ni mti mzuri sana. Aliporudi saiba baada ya siku mbili alikuta maneno mzuri sana yamefutwa na mtu asiyemjua, na katika ukurasa wa majadiliano ameulizwa ni mzuri kwa nani na kwa kazi gani. Alikasirika, akataka kuyarudisha. Kisha akaketi akafikiri, akaandika kwamba mbao zake ni ngumu, hustahimili wadudu, hutumiwa kwa milango na vitanda, na majani yake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kufundishwa insha, wala hakuwahi kukosa alama nzuri, hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza swali lile. Fauka ya hayo, aligundua kitufe cha historia, ambacho humfunulia msomaji kila sura ambayo ukurasa umewahi kuwa nayo, ni nani aliyebadilisha nini na saa ngapi. Kwa hiyo sentensi yake ya kwanza ilikuwa imehifadhiwa palepale pamoja na kosa lake, ilhali katika daftari la shule kosa hufutwa kwa ufutio, na pamoja nalo hupotea njia ambayo mtoto alipitia kulitambua.

Hakushinda. Lakini shindano lilizua ugomvi ambao anaukumbuka vema. Baadhi ya wahariri wa zamani walilalamika kwamba zawadi ziliwavuta watu waliojali hesabu ya makala kuliko lugha. Maana mashine ya kutafsiri ya Google ilikuwa imeanza kutoa Kiswahili mwaka uleule wa 2009, na zikamiminika makala zilizotafsiriwa hivihivi, zenye vitenzi visivyopatana na nomino zake. Hata leo kamusi hiyo ina kigezo maalumu kinachobandikwa juu ya makala kuonya kwamba inaonekana imetafsiriwa na programu ya kompyuta bila masahihisho ya kutosha. Upande wa pili ulijibu kwamba bila tarakilishi ya kushindaniwa hakuna mwanafunzi ambaye angejua kuwa ukurasa wa wiki unaweza kuandikwa na mtu kama yeye. Kwamba mkulima hachomi shamba lote kwa ajili ya magugu. Na kwamba waliolalamika walikuwa wachache mno kuweza kuijaza kamusi peke yao. Kila upande ulikuwa na haki yake. Walakini shindano lilipokwisha mwanzoni mwa 2010 wengi wa walioandika hawakurudi tena, na kazi ya kupalilia ikawabakia watu wachache wa kujitolea. Mwenyeji wangu hawalaumu waliotoa zawadi, nami pia siwalaumu. Kwani lipi darasa, katika Kenya au Tanzania, lililokuwa limeandaliwa kuwapokea vijana wale kesho yake, ili walichokianza kwa tamaa ya zawadi wakiendeleze kwa desturi ya elimu?

Baada ya hapo historia hukimbia. Wikimedia Kenya walipeleka katika baadhi ya shule nakala za kamusi elezo zinazosomeka bila mtandao. Mwaka 2013 serikali iliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni yake ikabatilishwa mwaka 2014. Na Mei 2016 vikaanza kugawiwa vishikwambi, zaidi ya milioni 1 katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Corona ilipofunga shule mwezi wa Machi 2020, wenye mtandao walisoma kwa tovuti na wasio nao wakategemea redio.

Katika shule moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa iko kama nyingine nyingi, nilifunguliwa kabati la chuma. Vishikwambi vilikuwa vimepangwa vizuri katika masanduku yake, vumbi laini jekundu limeingia kwenye matundu ya kuchajia, na kimoja kilikuwa bado na karatasi ya nailoni juu ya kioo. Mlinzi wa funguo alinieleza kwa adabu kwamba viliachwa kutumiwa kwa hofu ya kuibiwa na kwa hofu ya kuharibika. Vilipofanya kazi, watoto walivitumia kusoma masomo yaliyokwisha kutiwa ndani. Hapakuwa na mahali ambapo mtoto angeweza kuandika neno lake likasomwa na mtoto wa Lamu au wa Kigoma. Hili ndilo linalonihuzunisha. Mtaala wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa stadi zake kuu saba, na mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba waliingia sekondari ya chini. Lakini aghalabu tunawafundisha kupokea maandishi ya wengine, kana kwamba Wakamba hawakuwa na jambo la kuuambia ulimwengu.

Na jambo wanalo. Milima ya Machakos imechongwa matuta yanayoitwa fanya juu, jina la Kiswahili linalotumiwa na wataalamu wa udongo hata ng'ambo, kwa sababu mchimbaji hurusha udongo juu ya mtaro badala ya chini yake. Na matuta hayo yalichimbwa na mwethya, kikundi cha majirani wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, bila ya kuulizana nani amechimba hatua ngapi. Mwenyeji wangu alipotaka kuwaeleza wanafunzi wake wiki ni nini, hakuanza na Hawaii. Aliwaambia ni mwethya wa maneno, nao wakaelewa siku hiyohiyo.

Kisha akawapa daftari moja kwa darasa zima. Kila mwanafunzi anakwenda kumwuliza susu au umau wake, yaani nyanya au babu yake, jambo moja kuhusu Muthetheni, analiandika, na mwenzake ana ruhusa ya kulisahihisha pembeni kwa wino wa rangi nyingine, bila kufuta, akitia jina na tarehe. Nililisoma. Msichana mmoja ameandika habari za Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kwenda Nairobi mwaka 1938 kupinga kupunguzwa kwa mifugo yao, akapelekwa uhamishoni Lamu. Mvulana ameuliza pembeni kwa wino mwekundu kama babu wa msichana alikwenda yeye mwenyewe au alisikia tu. Chini yake jibu: alikuwa mtoto, alisikia kwa kaka yake aliyekwenda. Palepale msichana amekata neno aliona, kwa mstari mmoja ulionyooka ili lisomeke bado, akaandika juu yake alisimuliwa.

Wakifika ukurasa wa 40, mwalimu ataweka bando katika simu yake na watayaingiza katika kamusi, sentensi kwa sentensi, kila mmoja yake. Siku niliyoondoka walikuwa wamefika ukurasa wa 23.