Kibaba cha Kila Siku: Wanafunzi Waliolisha Wanafunzi Wenzao



Kila ukiingia mwezi mtukufu, swali la fidya halikosi kuulizwa msikitini. Mzee aliye dhaifu, au mgonjwa asiyetarajia kupona, hawezi kufunga, atoe nini? Jawabu la mashekhe wetu wa madhehebu ya Shafi'i ni fupi: kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, apewe maskini. Zaka ya fitri nayo ni pishi nzima, yaani vibaba vinne, kwa kila kichwa. Tazameni hesabu hiyo ilivyokaa. Hatukuachiwa tutoe "chochote kitakachopatikana". Kimetajwa chakula, kikatajwa kipimo, zikahesabiwa na siku. Nimeitanguliza kwa sababu wako wanafunzi, Waislamu na wasio Waislamu, walioifikia hesabu kama hii kwa njia zao, na ndio nataka kuwasimulia.

Tuanze Marekani, mwaka 1974. Shirika la Oxfam America liliwaita watu wafunge siku moja mwezi wa Novemba, wiki moja kabla ya sikukuu yao ya Thanksgiving, ambayo ni siku ya kula mpaka mtu ashindwe kuinuka. Vyuo vikuu viliitika kwa wingi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: mwanafunzi anaacha mlo wake wa kantini, na thamani ya mlo ule inakwenda kwa wenye njaa ng'ambo. Hapo hata asiye na senti mfukoni alikuwa na cha kutoa, kwa kuwa chakula chake kilikwisha lipiwa. Fedha zile hazikuwa za shule peke yake, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 2001 ikaja zamu ya vijana wetu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11 Waislamu wa Marekani walikuwa wakitazamwa kwa jicho baya. Wanafunzi Waislamu wa Chuo Kikuu cha Tennessee, mjini Knoxville, wangeweza kujifungia ndani, na nani angewalaumu? Wao wakawaendea wenzao wasio Waislamu, wakawaomba wafunge nao siku moja tu ya Ramadhani. Wenye biashara wa pale mjini wakaahidi kutoa fedha kwa kila atakayefunga, zilishe wenye njaa, na jua lilipozama wote wakafuturu pamoja. Jambo hilo, waliloliita Fast-a-Thon, likaenea vyuo vingi kwa miaka michache. Mimi nalihesabu kuwa da'awa bora kuliko hotuba kumi, maana aliyeonja kiu ya saa kumi alasiri hahitaji kuelezwa sana swaumu ni nini.

Hesabu ya shule hasa ilikuja 2004, katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama. Shirika la Chakula Duniani, WFP, liliwaambia wanafunzi kwamba kumlisha mtoto shuleni kwa siku moja wakati huo kuligharimu senti 19 za Marekani. Basi wakaunda kamati, wakaiita Kamati ya 19. Jina lenyewe likawa mahubiri. Ukimwambia mwanafunzi "njaa ya dunia" atatikisa kichwa apite zake, lakini ukimwambia senti 19 atatia mkono mfukoni.

Sasa tuvuke tuje upande wa sahani. Hapa Kenya, serikali na WFP walianza mpango wa chakula cha shule mwaka 1980, hasa sehemu kame. Mgao wa mtoto ulikuwa gramu 150 za nafaka, 40 za maharagwe au kunde na 5 za mafuta. Ni githeri ya kawaida, haina urembo. Kuni na maji vikaletwa na wazazi. Paul Tergat, bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo kuanzia 1995 hadi 1999, amesimulia jinsi chakula kile kilivyomvuta darasani alipokuwa mtoto huko Baringo. Mwaka 2004 WFP wakamfanya balozi wao wa kupiga vita njaa.

Lakini cha kupewa kina tabu yake. Wazazi wengi wanakumbuka maziwa ya Nyayo yaliyoanza 1979, zile pakiti za pembetatu. Watoto walizizoea, na miaka ya 1990 zikapotea. Mfadhili akichoka, au bajeti ikibanwa, wa kwanza kujua ni mtoto anayekuta jiko la shule limepoa. Ndiyo maana serikali ilianza 2009 kubeba sehemu ya mzigo kwa fedha zake, na 2018 WFP wakaukabidhi mpango wote kwake.

Na wako wasiongoja. Mwaka 2012 Wawira Njiru, Mkenya aliyekuwa akisomea lishe Adelaide, Australia, aliwapikia watu 80 chakula cha kwao na kuwatoza. Akapata dola 1,250 hivi. Jamani, wangapi kati yetu hutumia zaidi ya hizo kwa sherehe moja ya arusi! Yeye alizijengea jiko la mabati Ruiru, likalisha watoto 25. Kutoka hapo likazaliwa shirika la Food4Education, ambalo kufikia 2024 lilikuwa likilisha watoto zaidi ya 300,000 kila siku ya shule, na majiko yake yakafika mpaka Mombasa. Mzazi hutuma mchango wake mdogo kwa M-Pesa, mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa, anapewa sahani. Mpango wa kaunti ya Nairobi ulipoanza 2023, mzazi alichangia shilingi 5 kwa mlo, nyingine zikatolewa na kaunti pamoja na shirika. Nadhani siri iko hapo: karamu ile ya Adelaide ilikuwa usiku mmoja, lakini alichojenga kilikuwa cha kupika tena kesho yake.

Sisi vijana wa misikitini tuna nguvu sana Ramadhani. Tende zinagawiwa, futari inapikwa kwa masufuria makubwa, harambee zinajaa. Idi ikipita, daftari la michango linafungwa hadi mwaka ujao, na muhula wa shule bado unaendelea. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mtoto hali kibaba kimoja kwa mwaka.

Hebu tupige hesabu. Muhula wa wiki 13 una siku 65 za shule. Kwa kiwango kile cha shilingi 5, sehemu ya mzazi kwa mtoto mmoja ni shilingi 325 muhula mzima. Penye jiko kama hilo, vijana 20 wa mtaa mmoja wanaweza kuwabeba watoto 20 bila kumsumbua tajiri yeyote. Pasipo na jiko gharama ni kubwa zaidi, kwa hivyo kabla ya kupitisha bakuli tumwendee mwalimu mkuu wa shule moja, tumuulize kuni analeta nani, mpishi analipwa na nani, na chakula huisha wiki ya ngapi.