Alama ndogo kwenye RNA: jinsi seli inavyopanga ujumbe upi udumu na upi uvunjwe

Wakati wa janga la korona, neno RNA lilisikika sana katika taarifa zetu za habari kwa sababu ya chanjo. Lakini RNA haikuletwa na chanjo. Kila mmoja wetu anayo mwilini tangu tumboni mwa mama. Leo tunaeleza jinsi seli zetu zinavyoitia alama, na kwa nini watafiti wa saratani wanaifuatilia kazi hiyo kwa karibu.

RNA ni nini?

Karibu maelekezo yote ya kuujenga mwili yamo katika DNA, ndani ya kiini cha seli. Seli ikihitaji protini fulani, hunakili sehemu inayohusika tu. Nakala hiyo ndiyo RNA. Hutoka kwenye kiini, husomwa, na protini hutengenezwa. Imeandikwa kwa "herufi" nne za kikemikali: A, U, G na C.

Nani hutia alama?

Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemikali mwilini, kama vile vilivyomo kwenye mate vinavyoanza kusaga wanga wa ugali tungali tunatafuna.

Alama ya RNA hutiwa na vimeng'enya vikishirikiana na protini nyingine. METTL3 ndicho kinachobandika alama juu ya baadhi ya herufi A. Mwenzake, METTL14, habandiki kitu. Huishikilia RNA ikae sawa. Protini nyingine, WTAP, huwaelekeza mahali pa kazi. Alama yenyewe ni ndogo mno: atomi 1 ya kaboni na 3 za haidrojeni. Mwili huipata kutoka methionini, kirutubisho kilichomo katika mayai, samaki na nyama.

Alama hufanya nini?

Maneno ya ujumbe hayabadiliki. Ni kama mhariri wetu anapoandika pembeni mwa taarifa: "Isomwe leo tu." Protini iitwayo YTHDF2 ikiiona alama, huharakisha kuvunjwa kwa nakala hiyo. Alama pia hufutika: mwaka 2011 watafiti waligundua kuwa kimeng'enya FTO huiondoa.

Inahusiana vipi na saratani?

Katika aina moja kali ya saratani ya damu, seli changa za damu hukataa kukomaa na huzidi kuongezeka. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa seli hizo hutegemea METTL3. Kikizimwa, nyingi huanza kukomaa au hufa. Mwaka 2021, dawa ya majaribio inayokizuia, STM2457, ilirefusha maisha ya panya wenye ugonjwa huo.

Panya si binadamu, na dawa hiyo haiko hospitalini wala dukani. Ukiuziwa kitu kwa madai kuwa "kinarekebisha RNA" na kuponya saratani, usitoe fedha yako. Mwenye uchovu usioisha, homa za kujirudia, au kutokwa damu puani na kwenye fizi bila sababu, aende kituo cha afya apimwe damu.

Na ile chanjo? Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 kwamba kubadilisha kidogo herufi U za RNA kunapunguza ukali wa mwili kuipinga. Mwaka 2023 walipewa Tuzo ya Nobel.