Mbeleko Safarini

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na vinyago pekee. Hukaa pia katika mambo tuyaonayo kila mwaka hata tukasahau kuwa yana historia. Mojawapo ni safari ya mama na mtoto mchanga wakati wa sikukuu. Kila ukaribiapo mwezi wa Desemba, au mwezi wa Idi unapongojewa kuandama, vituo vya mabasi na vya reli hujaa akina mama waliobeba watoto migongoni, wakirudi kwa wazee wao. Safari hiyo ina asili yake, nasi twataka kuieleza hapa kwa ufupi.

Katika karne ya 19, safari ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo ilikuwa ya miguu. Aghalabu misafara ya Wanyamwezi iliondoka baada ya mavuno, ikajitahidi kurejea kabla ya mvua za kulimia. Mwendo wa upande mmoja ulichukua yapata miezi miwili au mitatu. Tunaposimulia habari hizo huwataja wapagazi wanaume na pembe za ndovu walizochukua mabegani; lakini katika misafara hiyo walikuwamo pia wake zao na watoto wao. Mama alijitwika vyungu na chakula kichwani, na mtoto akamfunga mgongoni kwa mbeleko. Kabla nguo za pamba hazijaenea bara, mara nyingi mbeleko ilikuwa ngozi iliyolainishwa. Baadaye ikawa merikani, kaniki, na hatimaye kanga. Hapana budi tukiri kwamba mama huyo alikuwa na mizigo miwili, ilhali wanaoipima historia kwa pembe na fedha hawakuuhesabu hata mmoja.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku. Wakoloni waliijenga kwa manufaa yao, lakini wananchi nao walipata matumizi yao wenyewe. Watu waliokwenda kufanya kazi mijini na katika mashamba ya mkonge waliitumia kurudi makwao. Tena kazi ya mshahara ilileta likizo, na sikukuu ikawa ndiyo nafasi ya kumpeleka mtoto aliyezaliwa mbali akaonwe na babu na bibi, akasikie lugha ya kwao, akajulikane kwa jina la ukoo. Kwa hiyo safari ya sikukuu haikuwa matembezi tu. Ilikuwa njia ya kumkabidhi mtoto kwa watu wake.

Sisi tuliosafiri daraja la tatu tukiwa vijana tuliyaona haya kwa macho yetu. Mama alipofika mlangoni na mtoto, mikono ilinyoshwa, na mtoto akapokelewa na mtu asiyemjua kabla mama hajapata pa kukanyaga. Toka Morogoro hata Itigi mtoto alipakatwa na huyu na yule, ili mama apate kulala. Mzee wa kabila jingine aliitwa babu, naye akaitika. Mtoto akilia, palitafutwa wimbo. Wazee walinena kweli: mkono mmoja haulei mwana.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache, na kila abiria ana kiti chake chenye namba. Hii ni nafuu kubwa kwa mama na mtoto, wala hatuililii taabu ya zamani. Hofu yetu ni kwamba, kila mmoja akitazama namba yake, atasahau kunyosha mkono.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawatume wanafunzi wakawaulize bibi zao walisafirije na watoto wao, waliwabeba kwa nguo gani, na nani aliwapokea njiani. Nao wayaandike majibu hayo, maana hiyo ni historia ya nchi. Na ninyi vijana, wa kike na wa kiume, sikukuu ijayo mkimwona mama mwenye mtoto akipanda garini, msingoje kuombwa. Simameni mumpokee.