Barua za Uhuru Park: Historia ya Kudai Taarifa za Jiji la Nairobi, 1989–2022

Historia ya mapambano ya bustani ya Uhuru Park jijini Nairobi kwa kawaida husimuliwa kama historia ya mazingira. Miti, nyasi na hewa safi ndivyo vinavyotajwa kwanza. Hata hivyo, ukiyapanga matukio yake kwa tarehe, utaona kwamba mapambano hayo hayakuanza kwa maandamano wala kwa kupanda miti. Yalianza kwa barua, na ombi la kwanza ndani ya barua hizo lilikuwa dogo: je, habari hizi ni za kweli?

Uhuru Park ilifunguliwa rasmi na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 13, nayo imepakana na kitovu cha jiji, mahali ambapo mtu asiye na pesa ya kuingia hotelini anaweza kukaa chini ya mti siku nzima bila kuulizwa na mtu. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alipata fununu kwamba ndani ya bustani hiyo lingejengwa jengo la ghorofa 60. Jengo hilo lingekuwa na makao makuu ya chama tawala cha KANU, ofisi za gazeti la Kenya Times, maduka, kumbi na maegesho ya magari 2,000. Mwenye mradi alikuwa Kenya Times Media Trust, ubia wa KANU na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Gharama iliyotajwa ilikuwa dola milioni 200 hivi, na sehemu kubwa ingekuwa ya mkopo kutoka nje.

Tarehe 3 Oktoba 1989 Maathai alimwandikia mkurugenzi wa Kenya Times akitaka kujua ukweli wa habari hizo. Nakala zilikwenda Ofisi ya Rais, Tume ya Jiji la Nairobi, kwa mkuu wa mkoa, wizara ya mazingira na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Baadaye aliwaandikia wengine wengi, akiwemo balozi wa Uingereza. Katika barua hizo aliuliza iwapo Waingereza wangekubali mnara wa namna hiyo ndani ya Hyde Park, au Wamarekani ndani ya Central Park.

Wingi wa waandikiwa umechukuliwa na baadhi ya wasomaji kuwa mbinu ya kupiga kelele. Tafsiri hiyo haitoshi. Baraza la Jiji lililochaguliwa na wakazi lilikuwa limevunjwa mwaka 1983, na nafasi yake ikachukuliwa na Tume iliyoteuliwa na serikali. Kwa hiyo hapakuwa na diwani wa kuulizwa, wala kikao cha baraza ambacho mwananchi angekwenda kukisikiliza, wala daftari la maazimio ambalo angeomba kulisoma. Barua iliyosambazwa kwa ofisi kumi ni dalili ya jiji lisilo na mlango hata mmoja uliokuwa wazi.

Majibu hayakuja kwa maandishi. Yalikuja kwa mdomo. Bungeni, mwezi Novemba, wabunge waliwaita Maathai na wenzake kundi la wanawake walioachika. Rais Daniel arap Moi naye alisema kwamba wapinzani wa mradi walikuwa na wadudu vichwani. Mtafiti wa lugha hana budi kusita hapa. Swali liliulizwa kwa rejista ya ofisi, lenye tarehe, anwani na nakala kwa wahusika. Jibu likatolewa kwa rejista ya matusi na kejeli. Ni njia kongwe ya kukwepa swali: anayeuliza hugeuzwa kuwa ndiye mada. Jambo la ndoa yake likajadiliwa hadharani, huku mkataba wa jengo ukibaki kabatini.

Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuomba zuio. Desemba 1989 Jaji Norbury Dugdale aliitupilia mbali kesi hiyo kwa hoja kwamba mlalamikaji hakuwa na haki ya kushtaki. Aliyeweza kuusemea umma mahakamani ni Mwanasheria Mkuu. Ina maana kwamba mkazi aliyetaka kulinda bustani ya umma dhidi ya mradi wa chama tawala alielekezwa kwa mwanasheria wa serikali ya chama hichohicho. Suala la iwapo bustani ilitolewa kihalali halikuamuliwa kamwe. Muda mfupi baadaye Green Belt Movement ilifukuzwa katika ofisi zake, zilizokuwa katika jengo la serikali.

Kilichoumaliza mradi ni pesa. Wafadhili wa nje walihoji sababu ya nchi inayoomba misaada kujitwisha mkopo wa namna hiyo. Mwaka 1990 mradi ukapunguzwa, kisha ukakwama. Februari 1992 uzio wa mabati ukaondolewa. Mwezi huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wao wa kula katika kona ya bustani ileile.

Sheria ilichukua muda kuufikia ujasiri wa barua zile. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 iliondoa sharti la mlalamikaji kuonyesha kwamba amedhurika yeye binafsi. Katiba ya 2010 ikapanua haki ya kushtaki kwa niaba ya umma, na kifungu cha 35 kikampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya kutekeleza kifungu hicho ilitungwa mwaka 2016, mwaka uleule ambao Tanzania ilipitisha yake. Uganda ilikuwa imekwisha kutunga yake tangu 2005. Kwa sheria ya Kenya, ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Lau sheria hiyo ingekuwapo mwaka 1989, barua ya tarehe 3 Oktoba ingepaswa kujibiwa kabla mwezi huo haujaisha.

Kipengele kimoja cha sheria hiyo hutajwa kwa nadra katika mijadala ya wanasheria: ombi la taarifa linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Barua za Maathai ziliandikwa kwa Kiingereza, na isingewezekana vinginevyo, kwani Kiingereza ndicho kilichosomwa ofisini. Waliolala nyasini Uhuru Park, wauza karanga na wapiga picha wa bustanini, walikuwa na Kiswahili. Kwa hiyo kipengele hicho kinamfungulia mlango mtu ambaye mwaka 1989 alitetewa bila kuwa na namna ya kuuliza mwenyewe.

Mlango huo lakini unafunguka upande mmoja. Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa, kwa ombi la wanaharakati wawili, iliiagiza serikali itoe mikataba ya reli ya kisasa, mikataba iliyokuwa imefichwa kwa miaka mingi. Novemba mwaka huo sehemu yake ikawekwa hadharani. Mkazi wa Miritini, ambako reli hiyo ina stesheni yake ya Mombasa, anaweza leo kuiomba kwa Kiswahili fasaha. Kurasa atakazopewa ni za Kiingereza.